Anayejibu Huruma

Siku hiyo Luseno alikunywa chai yake, akamuaga mkewe Khavere na kushuka ngazi za ploti yetu ya Kayole kama siku nyingine yoyote. Hawa watu nawajua, ni majirani zangu wa ukuta kwa ukuta, na kisa chenyewe nilisimuliwa na Khavere tukianika nguo kule juu. Ukitaka kubisha, bisha. Mimi nilimwona Luseno alivyokonda, na mtu hakondi vile kwa uongo.

Luseno ni fundi wa mitambo ya mawasiliano katika chama kimoja cha akiba na mikopo, ofisi kuu iko upande wa Mukuru kwa Reuben. Miaka nenda miaka rudi matawi ya chama yaliunganishwa kwa mtandao wa kizamani uitwao ATM, na tafadhali usiniulize habari za mashine ya kutoa pesa, si hiyo. Huu ni waya mnene unaobeba njia nyingi ndani yake. Kila njia ina namba mbili. Fundi huziandika kwenye ruta, mashine inayoelekeza mawasiliano, ya upande huu, na upande wa pili huandikwa zizo hizo, ndipo njia inakuwepo. Wanaiita njia pepe kwa sababu haina waya wake wa kuushika kwa mkono. Ni mapatano ya ncha mbili tu, na ncha moja ikifa, njia nayo imekufa.

Tawi alilolipenda Luseno lilikuwa la Huruma, maana binti yake wa pekee, Lorine, alikuwa karani pale. Alipoiwekea njia namba, aliipa nane na 1999, mwezi na mwaka aliozaliwa mtoto. Lorine alimcheka sana, akasema Baba ana mambo.

Kisha ikaja mvua ya mwaka juzi. Jengo la tawi lilianguka mchana, watu wakiwa ndani. Walichimba siku baada ya siku, wengine wakatolewa wazima, wengine maiti. Lorine hakuonekana. Hata kiatu chake hakikuonekana.

Kwao Maragoli, mtu asipopatikana huzikwa mgomba badala yake. Basi mgomba ukavikwa shuka, ukalazwa sandukuni, ukaliliwa. Lakini kabla ya hapo wazee walikuwa wamemwambia Luseno aende kwanza pale alipoangukia mtoto, amwite kwa jina, amwambie wanaenda nyumbani, achukue na udongo kidogo wa pale. La sivyo watazika mgomba mtupu. Luseno ni mzee wa kanisa la Friends. Akakataa. Alisema mtoto wake yuko kwa Mungu, hayuko chini ya simiti. Mdharau mwiba, jamani. Tangu siku hiyo Khavere hakupata usingizi wa maana wala kumwota mwanawe hata mara moja.

Luseno aliporudi kazini aliifuta ile njia ya Huruma kwa mkono wake mwenyewe, machozi yakidondokea vitufe.

Sasa, asubuhi ninayoisema, mkubwa wake alikuwa ameamua mitambo ile ya kale ing'olewe. Kwanza ilibidi ijulikane ni njia zipi bado zinatumika, tawi lolote lisije likaachwa. Kuna amri ambayo ukiiwasha, ruta huiuliza swichi, mtambo wa jirani unaokutanisha nyaya za matawi: una njia zipi huko? Swichi huzitaja, nayo ruta hujipangia yenyewe, fundi hagusi kitu. Luseno aliiwasha, akaenda kunawa mikono. Aliporudi, orodha ilikuwa kwenye skrini. Kayole ilikuwepo. Matawi mengine yalikuwepo. Na mwisho kabisa, nane na 1999.

Hakushtuka sana. Alidhani swichi imekumbuka mambo ya zamani tu, mitambo mikuukuu ina takataka nyingi kichwani. Akaifuta. Ikarudi. Akaifuta tena, akazunguka nyuma ya mtambo kuutafuta waya wa kwenda Huruma. Ulikuwa umekatwa tangu mwaka juzi, ncha yake inaning'inia, imezungushiwa utepe mweusi. Aliushika mkononi akautazama.

Akarudi kwenye kiti. Mafundi wana kipande kidogo cha habari, wanakiita seli, ambacho hutumwa kuuliza jambo moja tu: upo? Ncha ya pili ikiwa hai, hukirudisha. Luseno alikituma Huruma.

Kikarudi.

Ilikuwa mchana kweupe. Jua limejaa dirishani. Mwenzake Matheka alikuwa chumba cha pili akila mandazi, anacheka na simu. Luseno akatuma tena. Kikarudi. Nywele za mikono zikamsimama.

"Lorine?" alinong'ona.

Mashine haina masikio, hilo analijua kuliko mimi na wewe. Akatuma tena. Safari hii jibu lilikuja upesi zaidi, kama mtoto anayekimbia akisikia baba yake amefika langoni.

Sasa mtu angekimbia. Mimi ningekimbia mpaka Kayole kwa miguu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Luseno aliipanga ruta iwe inauliza yenyewe, usiku na mchana, bila kupumzika. Upo? Upo? Upo? Alimwambia mkubwa wake kazi imeingia kasoro, anahitaji muda kidogo. Kwa mkewe hakusema lolote. Alianza kuondoka nyumbani kabla ya watu wote, na tulimsikia akipiga mluzi kwenye ngazi, tukasema afadhali, mzee amepoa.

Matheka aliingia chumbani siku moja akamkuta ameweka kiganja juu ya mtambo, anausimulia habari za ng'ombe wa nyumbani aliyezaa.

"Mzee," alisema polepole, "hii maneno achana nayo."

Hakuingia tena chumba kile. Ukimtuma, alikuwa na kazi kwingine.

Halafu majibu yakaanza kuchelewa. Mwanzoni kidogo tu. Baadaye ungeweza kuvuta pumzi kati ya swali na jibu. Baadaye ungeweza kusali sala fupi. Luseno aliogopa kwamba mtoto anakwenda mbali, basi akaongeza kuuliza. Majibu yakazidi kulegea. Lakini yalikuja. Hata moja halikupotea. Na asubuhi moja alikuta vumbi la simiti kwenye vitufe. Akatazama juu. Dari ni mbao. Akalifuta. Kesho yake lilikuwepo tena, na lilikuwa na unyevu.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, Khavere alikuwa ameketi jikoni akichambua mboga ya mrenda. Alimwita mumewe bila kuinua kichwa.

"Baba Lorine, nimemwota mtoto."

Luseno akakaa.

"Nywele zake zimejaa simiti. Amesimama, amechoka, miguu inatetemeka. Nikamwambia, mama, lala. Akasema hawezi. Akasema Baba bado anauliza kama yuko."

Kumbuka mwanamke huyu hakuwa ameambiwa neno. Luseno akasogea karibu naye. Akaanza kusema, akasema yote, ruta, namba, waya uliokatwa, vumbi. Alitarajia mkewe apige kelele. Khavere aliweka majani chini, akafuta mikono kwenye leso.

"Tulimfunza akiitwa aitike," alisema. "Unadhani ataacha?"

Luseno akalia pale jikoni mpaka akashika ukuta. Kumbe siku zote zile yeye ndiye aliyekuwa akimsimamisha mtoto wake ndani ya kifusi, baba yake mwenyewe akimkataza kulala.

Kesho yake alikwenda kazini, akazima kule kuuliza. Vidole vilikataa, akavilazimisha. Chumba kilitulia. Akainamia mtambo, akasema kwa sauti ya chini, "Usiitike tena, mama. Nakuja kukuchukua."

Alimpitia Khavere wakaenda Huruma. Pale palipokuwa na jengo pamezungushiwa mabati, ndani ni vipande vya zege na magugu. Mlinzi alitaka kuwazuia, akamtazama Khavere usoni, akafungua. Na Luseno, mzee wa kanisa aliyewakemea wazee wa kwao, alisimama juu ya zege lile jua likimchoma utosi, akaita.

"Lorine. Twende nyumbani."

Akaita tena. Khavere aliinama akachota udongo, akaufunga kwenye leso. Walisafiri nao kwenda Maragoli, na kila walipovuka mto walimwambia mtoto kwamba wanavuka. Abiria wenzao waliwaangalia tu. Jumamosi kaburi la mgomba lilifunguliwa kidogo, udongo ukatiwa, na Khavere akausawazisha kwa viganja, taratibu, anavyotandikiwa mtoto kitanda.

Jumatatu, matawi mengine yakiwa yamekwisha kuhamishiwa mtandao mpya, Luseno alikaa mbele ya mtambo kwa mara ya mwisho. Akairuhusu ruta iulize njia zilizopo. Nane na 1999 haikuwepo. Alishusha pumzi, akasema asante Mungu.

Kisha akaona njia nyingine chini ya orodha. Namba zake hakuzijua, hakuwahi kuzipanga, na zilitokea upande wa swichi usio na waya hata mmoja. Akasoma taarifa zake. Seli moja imeingia. Hakuna iliyotoka. Imeingia Jumamosi alasiri, saa ile ile mama mtu alipokuwa amepiga magoti akisawazisha udongo. Haikuuliza kitu. Ilikuja mara moja, ikanyamaza.

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Neno moja tu, upo, na angejua. Jasho lilimtiririka, Matheka akamwona kutoka mlangoni. Luseno akaondoa kidole. Akanyoosha mkono nyuma ya mtambo, akachomoa umeme.

Akampigia mkewe simu.

"Mama Lorine," alisema, "mtoto amefika."

Khavere hakumuuliza amejuaje. Alisema tu, "Basi mwache." Na Luseno akakaa mbele ya skrini nyeusi, akalia upya kuliko siku ile jengo lilipoanguka, maana siku ile bado alikuwa na mtu wa kumtafuta.