Mkalimani wa Wazazi Wake

Kengele ya kwanza ililia saa kumi na mbili asubuhi. Nukta alitandika kitanda, akakunja blanketi, akapiga mswaki, akaingia kwenye foleni ya chai. Nukta lilikuwa jina la nyumbani. Alipozaliwa alikuwa mdogo mno, baba yake akasema huyu si mtoto, ni nukta. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na huu ulikuwa muhula wake wa tatu katika shule ya bweni ya nchi ya kigeni, safari ya siku mbili kwa treni kutoka kwao.

Siku hiyo ilikuwa siku ya wazazi. Wenzake walirukaruka. Yeye alijitazama kwenye kioo cha bafuni, akajua kwamba anapaswa kufurahi, akaitafuta furaha asiione. Huzuni nayo haikuwepo. Ilikuwa kama kula ukiwa na mafua: unatafuna, unameza, ladha hakuna.

"Wako wanafika saa ngapi?" aliuliza rafiki yake wa kitanda cha juu. Walimwita Msusi kwa sababu alikuwa amesuka nywele za nusu ya bweni.

"Saa nne."

"Na kigoda?"

Nukta alijifanya anatafuta soksi. Katika karakana ya useremala kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kigoda, akioneshe siku ya wazazi. Cha Nukta kilikuwa na mguu mmoja. Na baba yake alikuwa fundi seremala, tena kila mwezi alikuwa akipokea barua ya bintiye isemayo: "Kigoda kinaendelea vizuri."

"Chukua changu," Msusi alisema. "Wangu hawaji. Waoneshe, kisha ukirudishe. Ila ukikikwaruza, nakunyoa upara!"

Nukta alitikisa kichwa kukubali.

Saa nne wazazi walifika getini, baba katika koti lake la harusini, mama na mkoba mkubwa begani.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu geuka," mama alisema. Alikuwa mshonaji, na macho yake yalipima vyema kuliko futi. "Sketi hii nimeishona mwenyewe. Mbona inakuzunguka kama bendera kwenye mlingoti?"

"Ni mazoezi, mama."

Aliwaonesha madarasa, maktaba na uwanja. Wazazi hawakujua hata neno moja la lugha ya pale, kwa hiyo kila kitu kilipitia mdomoni mwa Nukta. Bwenini walimkuta mlezi wa wasichana. Aliwasalimu kwa heshima, kisha akamtazama mama, akasema, "Binti yenu hali chakula. Jumamosi analala kutwa nzima. Ananitia wasiwasi."

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema karibuni sana, na kwamba mimi ni mtulivu."

Mama alimshika mlezi mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru kwa furaha. Mlezi alishangaa, lakini akatabasamu kwa adabu. Nukta alingoja aone aibu. Aibu haikuja.

Karakana ilinukia mbao na gundi. Vigoda vilipangwa juu ya meza ndefu, na wazazi walikuwa wakivigeuzageuza. Nukta alisimama mbele ya kigoda cha Msusi.

"Hiki?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Baba alikinyanyua taratibu, akakipindua, akagonga miguu mmoja mmoja. "Viungo vimekaza! Mama Nukta, leo umeachana na ile ndoo unayokalia ukishona."

"Nani anakalia ndoo? Unanitangaza ugenini!"

"Tunaondoka nacho. Barua si ilisema kila mzazi ataondoka na kazi ya mwanawe?"

Nukta aliganda. Ni yeye mwenyewe aliyeitafsiri ile barua ya shule na kuituma nyumbani, kisha akasahau. Kigoda hiki kikiingia kwenye treni, Msusi atabaki na nini?

Baba alipitisha kidole gumba juu ya ubao wa kukalia, akarudia. Alikiinamisha kigoda kwenye mwanga wa dirisha. Uso wake ukabadilika. Wakati huo mwalimu wa ufundi, mwanamke mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, alikuwa akiwakaribia.

"Mwambie mwalimu," baba alisema polepole, "kigoda hiki ni kizuri, lakini hakikutengenezwa na mwanangu."

"Baba..."

"Mikwaruzo ya msasa yote inalalia kulia. Wewe ni wa mkono wa kushoto, na msasa nilikushikisha mimi. Haya, mwambie. Mimi lugha yao siijui. Ukisema jambo jingine, sitajua."

Mwalimu alifika, akatabasamu. "Mzazi anasemaje?"

Ingetosha kusema, "Anashukuru." Wote wangecheka na kupeana mikono. Nukta hakuhisi hofu. Mdomo tu ulikuwa mzito. Alikumbuka alivyomwona Msusi akipiga msasa wiki tatu nzima, kazi ambayo hakuna mtu wa kwao angekuja kuiona.

"Anasema kigoda hiki si changu," Nukta alisema. "Ni kweli. Ni cha Msusi. Changu kiko chini ya meza, kina mguu mmoja."

Kisha aliwageukia wazazi. "Mwalimu nimemwambia. Na yule mlezi hakusema mimi ni mtulivu. Alisema sili, na kwamba nalala kutwa."

Mama alitafuta pa kukaa, akakikalia kigoda cha Msusi.

"Kwa nini hukumaliza chako?" mwalimu aliuliza.

"Jiliwa zote za kubania mbao zimefungwa kushoto mwa meza. Nikisukuma randa, mkono wangu unagonga chuma. Nilidhani nitazoea. Kisha nikaacha. Kisha nikaanza kuacha na mambo mengine, hata kula."

Baba hakungoja tafsiri. Alichungulia chini ya meza, akaona kigoda cha mguu mmoja, akaona jiliwa, akaigusa, akaonesha kwa mikono: itoke huku, iende kule. Mwalimu alijipiga paji la uso, akaleta spana. Mafundi hao wawili waliinama, wakaifungua jiliwa na kuihamishia upande wa kulia bila kuhitaji mkalimani.

Nukta alishika randa. Kufikia mchana alikuwa amelainisha mguu wa pili. Mwalimu alimwahidi nafasi karakanani kila siku baada ya masomo, na akasema Jumatatu yeye na Nukta watakwenda kwa muuguzi wa shule.

Msusi alipoingia, Nukta alimtambulisha kuwa ndiye mwenye kigoda; baba akampigia makofi, akamweleza kazi yake kiungo kwa kiungo. Nukta akatafsiri kila neno.

"Anasema viungo vyako ni vya fundi mzima. Ila hapa pembeni umeparuza."

"Mwambie ana macho ya mwewe!" Msusi alisema, akicheka mpaka machozi.

Jioni getini, mama alimshika Nukta mabega.

"Mwanangu, ukituandikia kwamba mambo ni mazuri, sisi kule tunalala usingizi, na wewe huku unahangaika peke yako. Hakuna anayeweza kukusaidia kwa shida asiyoijua. Sema kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba umeshindwa. Ukishasema, tuko wengi wa kukusaidia. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Basi niambie. Unaendeleaje?"

Neno "vizuri" lilikuwa tayari ulimini. Nukta akalimeza.

"Siendelei vizuri, mama."

"Ahsante," mama alisema, akamvuta kifuani. Dereva wa basi la kwenda stesheni alipiga honi. Kifungo cha gauni la mama kilikuwa kikimbonyeza Nukta shavuni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi kitu: kilikuwa kinamuumiza, na hakuliondoa shavu.