Bati Lililochomelewa Kabla ya Mlango

Fundi bodi alikutwa kifudifudi kando ya gari kuukuu alilokuwa akilifufua, kisogo kimepasuka, glavu zingali mikononi. Kila nyundo ya karakana ilining'inia ukutani kwenye msumari wake, isipokuwa moja. Msumari ulikuwepo, nyundo haikuwepo.

Kufikia mchana polisi walishamkamata mkwewe, kinyozi. Majirani walimsikia jana yake akigombana na marehemu.

"Mligombania nini?" Inspekta alimuuliza.

"Jina la mtoto, afande."

"Mtoto yupi?"

"Hajazaliwa bado."

"Yaani mnapigana kwa ajili ya mtu ambaye hata hajafika?"

"Baba mkwe alikuwa na haraka ya kuitwa babu."

Nje, binti wa marehemu, tumbo limemtangulia, alikaa kwenye benchi la kituo na kukataa kuondoka. "Asubuhi nimempoteza baba, Inspekta. Jioni mnataka kunipokonya na mume? Kesho mkimpeleka mahakamani, mimi nitajifungua na nani?"

Inspekta hakuwa mwanamke wa kutoa ahadi. Alimchukua Koplo, wakarudi karakana.

Gari lilisimama juu ya stendi bila rangi, uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Kulia, lile bati refu la chini ya mlango lilikuwa jipya, limechomelewa nukta nukta, nadhifu kama vifungo vya shati la dukani. Kushoto palikuwa na mstari mmoja mnene wa chuma kilichoyeyuka, na bati limejaa mawimbi.

"Koplo, huyu fundi alilewa akiwa katikati ya kazi?"

"Basi alilewa upande mmoja tu, afande."

Mlango wa kushoto ulikuwa umeegemezwa ukutani. Waliunyanyua, wakaupachika kwenye bawaba, wakausukuma. Uligota kwenye bati, ukakataa katakata kufunga.

Inspekta alimpigia binti simu. "Baba yako alikuwa anatanguliza kipi, mlango au bati?"

"Mlango! Anaupachika kwanza, anaufungua na kuufunga mpaka anatuchosha sote. Akiridhika ndipo anachomelea. Nukta hapa, nukta kule mbali, bati lisipinde kwa joto. Mama alikuwa anamwambia anarukaruka kama panzi."

"Na mumeo anajua kuchomelea?"

"Yule? Cheche za kiberiti tu zinamkimbiza!"

Inspekta alikata simu. "Mtu akiua, anakimbia. Huyu alibaki kuchomelea. Kwa nini?"

Koplo alilitazama bati. "Alikuwa anafungia kitu."

"Lete grainda."

Bati lilipokatwa, nyundo ilidondoka sakafuni. Kichwani mwake palikuwa na damu iliyokauka na unywele mmoja mweupe. Mtaalamu wa maabara alipata alama za vidole kwenye mpini, zinazosomeka vizuri kabisa. Hazikuwa za kinyozi.

Zilikuwa za mshirika wa marehemu, aliyeitwa Puti kwa mapenzi yake kwa ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya magari.

"Bati la kushoto kachomelea nani?" Inspekta alimuuliza kituoni.

"Marehemu."

"Bila mlango?"

"Labda alichoka."

"Akachoka, akaifungia nyundo iliyomuua, kisha akaenda kulala chini?"

Inspekta alimsogezea karatasi ya alama za vidole.

"Ungeitupa mtoni," Inspekta alisema.

"Nilidhani hakuna atakayethubutu kukata kazi ya mkono wa marehemu."

"Na hakuna aliyeikata. Tumekata yako."

Puti aliinamisha kichwa. "Miaka yote ananiambia, mwenzangu, pachika mlango kwanza. Nikamwona mzee anachelewesha kazi."

Inspekta alimwagiza Koplo afungue mahabusu. Kelele zilisikika kutoka kwenye korido: binti akimpiga mumewe ngumi za kifua huku akilia, na kinyozi akisema, "Taratibu, mama, utajifungulia hapa hapa!"

Inspekta alirudishia mlango wa chumba. "Sasa niambie. Alikukosea nini?"

"Kuna gari nililitengeneza. Sakafu ilikuwa imeoza. Badala ya kuchomelea bati jipya nikaziba kwa puti, nikapiga rangi. Liligongwa kidogo tu, likakatika vipande viwili. Ndani mlikuwa na msichana."

"Alikufa?"

"Alikufa. Watu wakasema ajali. Mwenzangu akaenda kuliona lile gari. Akajua."

"Akataka kuja kwetu?"

"Hapana. Polisi hakuwataja hata kidogo." Puti alijifuta uso kwa kiganja. "Alitaka niende kwa mama wa yule msichana, nimwambie kwa mdomo wangu. Akasema tutakwenda wote, atanisindikiza. Jana alivua aproni, hata glavu hajazivua, akaniambia haya, twende. Alipogeuka kuokota funguo, nikampiga. Jela naiweza, Inspekta. Macho ya yule mama siyawezi."

Inspekta alifunika kalamu yake, akasimama.

"Yule mama nitampelekea wito mwenyewe," alisema. "Siku ya kesi atakaa kiti cha mbele."