Ghala la Zaka la Mkumbwi

Enzi zile ambazo kila mji wa pwani ulikuwa na diwani wake, na kila diwani alijiona hana mwenziwe duniani, mji wa Mkumbwi ulizingirwa na jeshi la mtawala wa Kisanje. Walikuja kwa nchi kavu, na mikuki na ngao za ngozi ya kiboko, wakati mtama umeshavunwa na zaka yake imeshaingia ghalani. Ijumaa ya kuigawa ilikuwa bado mbele. Vita ikawahi.

Wakulima walikimbilia mjini na watoto mgongoni, wakakuta lango limefungwa. Diwani Mwinyi Kombo alikuwa amelinganisha vinywa na chakula, akaona waliomo ndani wanatosha. Basi watu wale wakakaa chini ya ukuta, upande wa nje. Wapiga mishale wa mji, juu ya ukuta, waliwazuia Wakisanje wasiwasogelee. Na Wakisanje nao wakawaacha hapo hapo makusudi, wafe njaa mbele ya macho ya ndugu zao. Aibu ile haikuwa ya Wakisanje peke yao.

Mtunza ghala la zaka alikuwa Mwana Somoe binti Haji, mjane mrefu, mkavu wa maneno. Yeye na Diwani walinyonya ziwa moja, kwa hiyo kisheria walikuwa ndugu, naye ndiye mkubwa. Ghala lake halikuchangamana na la jumba la Diwani hata kwa kipimo: pishi la zaka lilipima zaka tu. Siku za kupima aliwafungia kuku wake nyumbani, wasije wakadonoa haki ya mtu, na watu walimcheka kwa hilo. Mlango ulikuwa na makufuli mawili. Ufunguo mmoja ulikaa kwake, wa pili kwa Mzee Ngwali, mkubwa wa mashamba, ili mji usifungue bila mashamba, wala mashamba bila mji.

Na Mzee Ngwali alikuwa nje ya lango.

Njaa ilipokolea, Diwani alikuja ghalani baada ya sala ya adhuhuri, amevaa joho jeusi lenye taraza za nyuzi za dhahabu pindoni. Nyuma yake walikuwa kadhi na askari wa kukodi, watu wa mbali wenye panga pana. Mwana Somoe alikuwa ameketi kizingitini.

"Dada, nipe ufunguo," alisema Diwani. "Kufuli la pili fundi atalifungua. Askari hawa hawajashiba tangu juzi."

"Una ghala lako."

"Langu linakwisha. Na kadhi amenipa hukumu. Katika mafungu ya zaka limo la wanaopigana katika njia ya Mungu."

"Limo," alisema Mwana Somoe. "Nalo ni la aliyejitolea, asiye na ujira. Hawa umewakodi, wana mshahara wao kwako. Muulize kadhi mbele yangu kama nasema uongo."

Kadhi akaanza kurekebisha kilemba chake, akakirekebisha muda mrefu sana.

"Mji ukianguka, hao maskini wako watapona?" aliuliza Diwani.

"Sijui. Ninachojua, mtama huu umetoka mashambani, na wa kwanza kuudai ni maskini wa huko huko. Wako nyuma ya ukuta huu. Nawasikia watoto wao wakilia. Wewe huwasikii, Kombo?"

Hakuna aliyemwita Diwani jina lake kavu hadharani. Lilimchoma. "Naweza kuvunja mlango huu sasa hivi," alisema.

"Vunja. Watu hawa wote wakuone."

Uchochoro ulikuwa umejaa watu. Diwani alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga. Hakutaka kuonekana na shoka mbele ya ghala la zaka. "Nakupa hadi alasiri," alisema. "Usipouleta ufunguo, mlango utavunjwa usiku, nawe utatoka katika mji huu."

"Haya, alasiri," alijibu, kama mtu aliyekubaliana bei ya samaki.

Diwani alipoondoka, wanawake walimzunguka. Mmoja akamwambia, "Bi Somoe, fungua kufuli lako, hilo la pili tulivunje. Nani atakulaumu?"

"Nikivunja mimi leo, kesho atavunja yeye, naye atasema amejifunza kwangu. Mwenye ufunguo aletwe."

Wakapanda ukutani na kapu kubwa na kamba. Mkuu wa wapiga mishale aliwazuia. "Amri ya Diwani ni lango lisifunguliwe."

"Nimekuomba lango?" aliuliza Mwana Somoe.

Mkuu yule alifikiri. Kisha akaweka upinde chini, akashika kamba pamoja nao. Walimvuta Mzee Ngwali mchana kweupe, mishale ya Wakisanje ikigonga ukuta huku na huku, na mmoja ukanasa kwenye kapu karibu na goti lake. Alifika juu midomo imepasuka, ufunguo uko shingoni.

"Mwana, nilidhani mmetusahau," alisema.

"Fungua kwanza, baba. Tutalia baadaye."

Makufuli yakafunguka yote mawili. Hata saa ile, Mwana Somoe alipima. Mzee Ngwali alimkumbusha kwamba alasiri haiko mbali.

"Nikimwaga bila kupima, mwenye nguvu huko chini atachukua mara mbili na mjane atakosa," alijibu. "Wewe nitajie nyumba, mimi nipime."

Fungu la maskini wa mjini lilitoka kwa mlango. Fungu la mashamba lilipanda ngazi vichwani mwa wanawake na kushuka ukutani kwa kamba. Diwani aliporudi alikuta mlango wazi, sakafu imefagiwa, na pishi limelala katikati.

"Umeniibia," alisema.

"Hakikuwa chako. Wala changu hakikuwa. Kimefika kwa wenyewe."

Akaamuru atupwe nje ya mji. Hapo askari wakatazamana, maana lango likifunguliwa kumtoa mmoja, mamia wangeingia. Ikabidi mtukufu Diwani amshushe dada yake kwa kapu lile lile. Mwana Somoe aliketi ndani yake wima, bila kumwangalia mtu.

Alfajiri Wakisanje walishambulia ukuta, wakitumaini kukanyaga maiti. Wakakuta watu walioshiba uji wa mtama, wenye majembe na mapanga, na mishale ya mji ikiwasaidia toka juu. Walipigana mpaka jua likapanda. Mzee Ngwali, aliyekuwa ameshuka tena kwa watu wake, alipoteza mkono. Wakisanje walipoteza vita, wakarudi kwao.

Kitabu cha jumba kinasema Diwani Mwinyi Kombo aliwalisha maskini akashinda. Haya, na kiseme. Hakisemi kwamba lango lilipofunguliwa alimtumia dada yake joho lile la taraza, na ujumbe kwamba amesamehewa, arudi kwenye ghala lake.

Mwana Somoe alilirudisha joho kama lilivyokunjwa. "Mwambieni Kombo sikuomba msamaha," alisema. "Aniletee pishi langu. Ghala nitajenga huku."

Akalijenga nje ya ukuta, mlango ukielekea mashamba, wenye makufuli mawili. Tangu siku hiyo, diwani wa Mkumbwi aliyetaka kuiona zaka ilimbidi atoke langoni kwa miguu yake, apige hodi, asubiri.