Safu ya Tatu kwenye Ubao wa Papa Baudouin

Saa kumi na mbili jioni, Ijumaa tarehe 27 Novemba 2015, Appolinaire alikutwa amepiga magoti kando ya Papa Baudouin kwenye kiwanja cha tenisi cha kambi ya wakimbizi ya Rubondo, mikono yake ina damu. Mzee alikuwa amelala chali karibu na pipa lililojazwa saruji, lile alilolivuta kila asubuhi kusawazisha udongo. Kisogo kilikuwa kimepasuka na mwili umeanza kupoa. Simu yake haikuonekana. Ubao wa matokeo ulikuwa umeegemezwa kwenye nguzo ya wavu kama siku zote.

Constance, ambaye wengi walimwita Mama Grâce, katibu wa kamati ya kijiji, hakupiga yowe. Aliwafukuza watoto, akamfunika mzee kwa kitenge chake, akamwambia Appolinaire asinawe mpaka polisi wafike. Ndiye aliyekuwa akimwandikia mzee barua zake zote kwa miaka kumi. Kulia angelia baadaye.

Ubao ule ndio uliokuwa gazeti la tenisi la Rubondo nzima. Papa Baudouin, aliyekuwa akiwaokotea Wabelgiji mipira huko Bukavu akiwa mdogo, aliutoboa matundu kwa msumari wa moto, safu moja kwa kila seti. Maharage mekundu yalikuwa ya Wabelgiji, punje za mahindi za wapinzani. Mpwa wake Parfait, anayeosha vyombo katika hoteli moja ya chakula Mbarara, aliangalia mechi kwenye televisheni ya pale na kupiga simu kila seti ilipoisha. Mzee alijaza matundu. Mwenye kutaka habari alikuja kuangalia, na alichokiona ndicho alichokiamini.

Wiki hiyo Ubelgiji ilikuwa kwenye fainali ya Kombe la Davis dhidi ya Uingereza, mechi tano kwa siku tatu kuanzia Ijumaa, na mzee hakuwa akilala. Appolinaire, jirani yake, alikuwa upande wa Waingereza kwa sababu moja tu: babu yake alichapwa viboko na Wabelgiji kwenye kazi ya barabara. Adhuhuri ya Ijumaa ile walichokozana mbele ya watu. Appolinaire alisema leo Wabelgiji wataonja fimbo yao wenyewe. Mzee akamjibu kwamba mtu anayeshika raketi kama anaua nyoka asizungumzie tenisi. Watu walicheka sana. Jioni hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba alicheka.

Sajini Kizito alifika saa moja kasoro robo. Alisoma ubao kwa tochi: tatu kwa sita, moja kwa sita, mbili kwa sita.

"Seti tatu, mechi imekwisha," alisema. "Mzee amepata hasira, huyu amemcheka, wamesukumana. Simu ametupa. Mama, hii kesi si ngumu."

Akamchukua Appolinaire.

Ugumu ulikuwa kwa Marie, mke wa Appolinaire. Baada ya miaka kumi na tisa kambini, yeye, mumewe na watoto wanne walikuwa wamekubaliwa na ofisi ya wakimbizi kwenda kuishi ng'ambo, na walikuwa wasafiri Jumanne. Mtu mwenye kesi hasafiri, na familia haisafiri bila yeye. Faili ikirudi chini ya rundo, hakuna ajuaye itatoka lini.

Jumamosi asubuhi msibani, wanaume walikaa kwenye mabenchi ya kanisa wakabishana kwa sauti ya chini. Mmoja alisema mechi ya wawili wawili ya siku hiyo inaweza kuwaokoa Wabelgiji. Mwingine akauliza watu waliopigwa seti tatu juu ya udongo wao wenyewe wataokolewa na nani. Ushindi, mtoto wa marehemu, kijana wa miaka ishirini na mitatu anayeongoza kwaya, alikuwa amejiinamia.

"Walau Papa alijua mwisho wa mechi," alisema. "Nilimuacha muzima, nikaenda kwenye mazoezi. Aliniambia mwenyewe: batu yetu bamepigwa zote tatu."

Constance alimwekea uji mbele yake, akamwambia anywe.

Marie alimfuata Constance jikoni. Hakulia. Aliuliza tu: "Mama Grâce, ni nani alisema na mzee wa mwisho?"

Hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Constance alivua aproni. Saa nane mchana alikuwa Mbarara, nyuma ya ile hoteli, mbele ya Parfait na karai la sahani.

"Ulipiga simu mara ngapi?"

"Mara tano, Mama. Alipokea mbili." Parfait alifuta mkono, akafungua simu yake kumwonyesha. Seti ya kwanza, saa kumi na dakika nane. Ya pili, saa kumi na dakika arobaini. Ya tatu, saa kumi na moja na robo, haikupokelewa. Ya nne na ya tano hali kadhalika. "Nilidhani chaji imekwisha. Nilikuwa na furaha mingi, nikasema nitamwambia kesho."

"Furaha ya nini? Mmepigwa tatu bila."

Parfait alimkazia macho. "Nani amesema? Seti mbili za kwanza, ndiyo. Halafu Mbelgiji akaamka. Sita kwa mbili, sita kwa moja, sita kwa sifuri. Alishinda, Mama. Jana tumeshinda ile mechi ya kwanza ya fainali."

Constance aliketi juu ya kreti la soda. Kijiji kizima kilikuwa kimeomboleza mechi ambayo Wabelgiji walishinda, kwa sababu ubao ulisema wamepigwa. Na ubao haukujazwa na Papa Baudouin. Aliyeweka punje sita za mahindi katika safu ya tatu hakupokea simu. Alibuni matokeo, ili mzee aonekane alikuwa hai mpaka mwisho wa mechi.

Lakini mtu mmoja hakuyasoma ubaoni. Alisema ameyasikia kwa mdomo wa mzee.

Jumapili kabla ya ibada, Constance alimwomba Yvette, karani wa kwaya, daftari la mahudhurio. Ushindi alikuwa ameingia saa kumi na moja na dakika tano. Alisema nini alipoingia?

"Alisema Wabelgiji wamekwisha, seti tatu. Tukamtania kwamba leo ataimba sauti ya msiba." Yvette alifunga mdomo wake kwa kiganja.

Saa kumi na moja na dakika tano. Seti ya tatu ilikuwa bado inachezwa.

Walimzika mzee saa nane. Baada ya maziko Constance alimwita Ushindi kiwanjani. Sajini Kizito alisimama kando ya wavu, kofia mkononi. Alikuwa ameshaona simu ya Parfait na daftari.

"Mwanangu," Constance alisema, "seti ya tatu iliisha saa kumi na moja na robo. Wewe uliitangaza kanisani dakika kumi kabla. Na Papa hakukuambia, maana Mbelgiji aliishinda seti ile."

Ushindi aliutazama ubao.

"Aliishinda?"

"Na mbili zilizofuata. Simu iko wapi?"

"Ndani ya ngoma ya kwaya." Aliketi juu ya pipa, kisha akakumbuka ni pipa gani, akainuka. Alisema taratibu, kama anayesoma. Baada ya simu ya pili mzee alimwita. Alimwambia kwamba hakumzaa. Alimwokota barabara ya Fizi mwaka 1996, wa miaka minne, ameshika nguo ya mama yake aliyekufa, na kwenye usaili wao wa kwenda ng'ambo wiki ijayo atausema ukweli huo. "Nikaona ananikata kwenye faili. Anaenda, ananiacha fasi hii, hapa kambini, bila jina. Nilimsukuma, Mama Grâce. Mara moja tu. Hakuinuka tena. Mwingereza alikuwa anamla mwenzake. Nikajua ya tatu itakuwa vilevile, nikaijaza ubaoni."

"Na Appolinaire?"

"Nilisema moyoni watamwachilia."

Constance alitaka kunyamaza. Lakini hakuwahi kuwa mtu wa kuficha dawa kwa sababu ni chungu.

"Ofisi ya wakimbizi ilijua. Mimi ndiye niliyemwandikia ile barua mwezi wa nane. Walijibu kwamba mtoto wa kulea ni mtoto, faili ni moja, mnaondoka pamoja. Alitaka tu ulisikie kwake, usilisikie kwa mgeni mwenye kalamu."

Ushindi hakulia kwa sauti. Aliukunja mwili wake taratibu mpaka paji la uso likagusa udongo uliosawazishwa na mzee. Sajini alingoja muda mrefu kuliko inavyotakiwa, ndipo akasema, "Twende, kijana."

Appolinaire alitoka mahabusu Jumatatu, na Jumanne alfajiri akapanda basi na familia yake. Kabla ya hapo alipita kiwanjani, akalivuta lile pipa la saruji mara moja kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Parfait alikuwa ameshapiga simu: mwishoni kombe lilichukuliwa na Waingereza. Constance alimwambia hilo anaweza kubaki nalo. Aliuweka ubao mapajani, akang'oa punje za mahindi kwenye safu ya tatu moja moja, akaanza upya. Sita kwa mbili. Sita kwa moja. Katika safu ya tano maharage ya kopo la mzee yalimwishia kwenye tundu la nne. Alikwenda jikoni kwake, akatoa mawili kwenye sufuria ya chakula cha jioni, akayafuta kwa kitenge, akayabana kwenye matundu yao.