Karibuni Madibira

Dada yangu Bupe hakatazwi. Ukimwambia usiguse, ndiyo umemwonyesha pa kushika.

Mwezi wa saba mwaka jana alichukua likizo ya siku tatu, akatoka Uyole asubuhi ya jua zuri na pikipiki ya marehemu mume wake, Gwakisa. Alitaka apite Rujewa na Madibira, atokee Mafinga, njia ambayo watalii hawana habari nayo. Shemeji yake Saulo alimzuia getini.

"Pikipiki ya marehemu wetu haipandwi na mwanamke. Ukiipanda, hutakwenda peke yako."

Saulo mwenyewe ndiye alikuwa anaitaka hiyo pikipiki, mtaa mzima tulijua. Bupe alimpungia mkono, akaondoka.

Rujewa, muuza mafuta alimuuliza, "Hamjambo? Mnaelekea wapi?" Bupe akafurahi. Sisi Wanyakyusa mtu wa heshima tunamsalimia kwa wingi hata akiwa mmoja, akaona kumbe na Wasangu wana adabu zao. Mbele kidogo muuza miwa akasema, "Poleni na vumbi." Bupe naye akajibu kwa wingi, "Asante, tumeshapoa."

Kosa likawa hapo. Kuanzia hapo pikipiki ikawa nzito, na barabara ni tambarare.

Madibira, mama ntilie mmoja, Veneranda, alimkaribisha akaweka sahani mbili za wali.

"Mama, niko peke yangu."

Veneranda alitazama pikipiki nje. Akainama, akanong'ona.

"Na huyo aliyekataa kushuka?"

Bupe akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini shokapu za nyuma zilikuwa zimebonyea, kama zimebeba mtu.

Anasema aliogopa mpaka kijiko kikamtoka. Angeweza kuiacha pikipiki pale, apande basi, na Saulo angeifuata siku hiyo hiyo. Alipofikiria hilo, hasira ikamshinda woga. Akala wali wake. Akala na wa mgeni. Kisha akawasha.

Katikati ya mashamba ya mpunga, kitu kilimshika kiuno. Jua la saa nane. Hakuna mtu. Mikono ya baridi. Akasimama.

"Kama wewe ni Gwakisa, unajua sikuogopi," alisema bila kugeuka. "Kama si Gwakisa, sikukupakia. Shuka."

Mikono ikabana.

"Nilisema tumepoa, nilikosea. Hakuna sisi. Nipo mimi. Shuka!"

Mikono ikaachia. Kisha pikipiki ikainuka nyuma.

Mafinga, dada wa mapokezi gesti alimwambia, "Karibu, dada. Pole na safari." Pole, siyo poleni. Bupe akalia pale pale kaunta kwa furaha.

Aliporudi Uyole hakuwa amemsimulia mtu. Saulo alikuwa anamsubiri getini, macho mekundu.

"Kwa nini umemshusha mbali hivyo?" alinong'ona.

"Kamchukue," Bupe alimjibu. "Na uende kwa miguu."

Jaketi alilovaa Bupe safarini nimelifua mimi mwenyewe mara nne. Kiunoni, kila upande, kuna alama ya kiganja cha tope la shambani, wakati mashamba yote msimu ule yalikuwa makavu. Halitoki. Nilimshauri alichome moto. Jumapili akalivaa kanisani, akakaa benchi la mbele, mgongo wake mbele ya macho ya ukoo mzima wa Saulo.