Chungu cha Sodiamu

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare na kupiga deki, Mbeyu alikwenda kumsaidia shangazi yake Josephine kwenye karakana yake Changamwe. Shangazi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na si fundi wa kubahatisha! Wanaume walioleta mageti yaliyopinda waliuliza, "Fundi yuko wapi?" Naye aliwajibu kinyago cha kuchomelea kikiwa bado usoni, "Si ndiye huyu unayezungumza naye, baba?"

Jumamosi hiyo kazi haikuwa geti. Ilikuwa chungu kikubwa cha chuma kisichoshika kutu, chenye mabomba ya kuingia na kutoka. Kiliagizwa na maabara ya chuo. Humo wangeyeyusha sodiamu, kisha watumbukize vipande vya metali za kila mchanganyiko, waone ipi italika na ipi itadumu.

"Sodiamu ni nini, shangazi?"

"Ni metali laini, unaikata kwa kisu. Lakini ina hasira hiyo! Ikiwa ya moto ikakutana na hewa, inawaka. Ikikutana na maji, inalipuka. Chungu hiki kikiwa na tundu dogo kama la sindano, kuna mtu ataungua. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

Shangazi aliziba mabomba, mashine ikajaza chungu upepo. Kazi ya Mbeyu ilikuwa kupaka maji ya sabuni juu ya kila ungio lililochomelewa. Likitoa mapovu, linavuja. Likitulia, anatia alama ya chaki. Maungio yalikuwa kumi na manane.

Alipima kumi na saba kwa uangalifu, yote yakatulia. La mwisho lilikuwa kwenye kitako cha chungu, na kulifikia kulitaka mtu alale chali sakafuni, sabuni imdondokee machoni. Nje, binamu yake Kazungu alipiga mbinja.

"We Mbeyu! Fainali inaanza na kipa ni wewe! Ama wataka tufungwe kumi?"

Mbeyu alitazama huku na huku. Yote yametulia, hili moja litakuwa na nini? Akapenyeza mkono, akachora alama ya chaki, huyoo, akatimua mbio.

Timu yao ilishinda mawili kwa moja. Mbeyu alipangua penalti, akabebwa juujuu. Aliporudi karakanani huku akiimba, alikuta chungu kimeshafungwa kamba juu ya lori. Kando yake alisimama Mwalimu Nguma, msimamizi wa ile maabara.

"Aliyepima ndiye huyu," shangazi alimwambia mgeni kwa fahari. "Macho yake nayaamini kuliko yangu."

Lo! Mbeyu aliacha kuimba. Shangazi alikuwa ameihangaikia kazi ile wiki sita. Akiaibika mbele ya mteja, nani atampa nyingine? Lakini aliwawazia wanafunzi wa chuo wakiinamia chungu kile na sodiamu ikichuruzika chini. Lori likaanza kunguruma.

"Simamisheni!" alipiga ukelele. "Ungio la chini sikulipima! Nilitia alama tu nikakimbilia mpira. Nisamehe, shangazi."

Shangazi hakugomba, na afadhali angegomba. Alimtazama tu, kisha akamgeukia dereva.

"Kishusheni."

Mashine ikajaza upepo tena. Mbeyu alilala chali, akapaka sabuni. Povu moja likachomoza, likafuata la pili, yakawa yanabubujika.

"Linavuja!" alisema.

Shangazi hakupoteza muda. Alilisaga ungio lile, akalichomelea upya, likapoa. Mbeyu akarudi chini na brashi yake. Sabuni ilimwingia machoni, ikamwasha kwelikweli, lakini hakupepesa. Alihesabu hadi mia mbili.

"Limetulia, shangazi! Limetulia kabisa!"

Mafundi wa karakana za jirani waliokuja kutazama walipiga makofi, na mama muuza chapati akapiga vigelegele. Mwalimu Nguma alimpa shangazi mkono.

"Wengi wangeacha lori liondoke," alisema.

Baada ya mwezi mmoja alipiga simu. Sodiamu ilikuwa imeyeyushwa, vipande vya metali vimo ndani, na hakuna hata tone lililovuja. Chuo kilitaka vyungu viwili zaidi. Mbeyu aliruka kwa furaha hadi akapiga ndoo teke.

Shangazi alicheka, kisha akamshika bega.

"Mwanangu, ulikosa, na kosa lako sikulisahau. Lakini uliogopa na bado ukasema, ndiyo maana tundu lile tuliliziba mapema. Ungenyamaza, leo kuna mzazi angekuwa hospitalini akimuuguza mwanawe. Usitie alama kwenye kazi ambayo hujaifanya, iwe hapa, iwe shuleni, iwe popote."

"Sitarudia, shangazi."

"Najua. Ndiyo maana vile viwili pia utavipima wewe."