Jembe mlangoni kwa Mama Générose

Haya yalimpata Ketsia, rafiki yangu wa Kalemie, na mpaka leo hapendi kuyarudia.

Jioni ile alikwenda kuchukua simu yake kwa Floribert, anayechaji simu za mtaa mzima. Mvua ikamzuia pale, giza likawahi. Akafungua ule mchezo anaoupenda, wa kijiji cha watu wenye pembe, ambamo unalima, unafua vyuma, na mwisho unachumbiwa. Mhunzi wa kijiji akaja mbele yake na jembe jipya mkononi. Maandishi yakauliza: unalipokea?

Kwao Ketsia, jembe la posa huachwa mlangoni mpaka ukoo wa aliyelileta ujulikane. Likiingizwa ndani, msichana ameshatolewa. Lakini huu ulikuwa mchezo tu. Akagusa ndiyo, na umeme wa mtaa ukakatika.

Njiani hakuona hata mikono yake. Nyuma yake nyundo ilikuwa ikigonga chuma, polepole, ngo, ngo, kama kule mchezoni. Alipokimbia, nayo ikaharakisha. Alipofika uani, ikanyamaza.

Mama yake, Mama Générose, alikuwa amewasha kibatari.

"Nimekuta jembe pa mlango," akasema. "Nikafikiri mujomba wako amelirudisha, njo nikaliingiza ndani."

"Umemuona mutu, Mama?"

"Hapana."

Ketsia akainama kulishika. Mpini ulikuwa umelowa mvua. Chuma kilikuwa bado cha moto.